Wawili Dhidi ya Watatu

Tsiuri Jikia alipoolewa katika mji wa Zugdidi, mwaka 1965, alikuja na godoro la sufu, mashuka kumi na mawili, sufuria ya shaba na kisanduku cha sataranji. Kisanduku hakikumshangaza mtu. Mabinti wa pande zile huenda nacho kwa waume zao, na tangu msichana wa mji ule ule alipotwaa ubingwa wa dunia miaka mitatu kabla, hakuna mama aliyetaka kumwoza binti yake bila hicho kisanduku, hata kama binti mwenyewe hajui farasi anavyoruka.

Mama mkwe wake, Agrafina Shonia, alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mpana wa mabega, na alifanya kazi kwenye mitambo ya simu pale posta. Miaka thelathini ya kuunganisha watu waliokuwa wakipigiana kelele ilikuwa imemfundisha kusema maneno machache na kuyasema mara moja tu. Siku ya tatu baada ya harusi, wageni wamekwisha ondoka na nyumba bado inanuka divai, alikifungua kile kisanduku, akamtoa malkia mweupe, akampima uzito mkononi.

"Hii unacheza, au umekuja nayo ya kupambia kabati?"

"Nacheza, mama."

"Vizuri?"

"Kule kwetu Senaki wanaume wamechoka kufungwa na mimi."

Dzuku, bwana harusi, fundi wa matrekta, akacheka mdomo umejaa jibini na gomi, ule ugali wa mahindi wa kwao. "Mama, usimwonee mtoto wa watu. Ndiyo kwanza siku ya tatu."

"Wewe kula gomi yako kabla haijapoa. Keti, bibi harusi."

Tsiuri alicheza kama alivyocheza siku zote. Alimrusha mbele askari wa mfalme, akatoa askari wawili sadaka, kisha farasi, macho yake yote yakiwa kwa mfalme wa mama mkwe. Kwa kila alichotoa, Agrafina alikipokea na kusema "asante". Alisema asante mara tatu. Baada ya nusu saa Tsiuri alikuwa hana kitu cha kushambulia nacho.

"Sasa mimi niwe mweupe," Agrafina alisema.

Akamsogeza askari aliye mbele ya malkia, hatua mbili. Tsiuri akajibu vivyo hivyo. Agrafina akamleta askari wa jirani, wa upande wa kushoto, naye hatua mbili, akamweka pale pale anapoweza kuliwa, bila mlinzi.

"Mama, huyu umemsahau."

"Sijamsahau. Unamtaka, mle."

Tsiuri akamla. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika alichokipata, akaleta askari mwingine wa kumlinda yule mlaji, na mwingine tena wa kumlinda mlinzi. Agrafina akatuma askari wa pembeni kabisa, akabomoa ule ukuta kwa utaratibu kama mtu anayefumua sweta. Kisha malkia wake akatoka hatua chache tu, akasimama kimya. Tsiuri alipomfuata kwa macho kimshazari, aliona kwamba malkia anaitazama ngome yake iliyo kwenye kona ya mbali, na kati yao hapana kitu.

"Asante," alisema Agrafina.

Dzuku alipiga meza kwa furaha. "Nilidhani nimeoa mke! Kumbe nimemletea mama kitoweo!"

*

Mwaka mzima wa kwanza Tsiuri alifungwa. Walicheza jioni baada ya chakula, mama akitoka posta na mkwe akitoka kiwanda cha chai alikokuwa akichambua majani. Alifungwa kwa njia nyingi, lakini kilichomkera hasa ni kwamba mama mkwe akiwa mweupe alianza kwa namna ile ile siku zote. Askari wa malkia, kisha askari wa jirani. Hapakuwa na moto, hapakuwa na mshindo.

"Anacheza kama anayekunja nguo," alimwambia Dzuku wakiwa peke yao. "Anakunja hili, anaweka. Anakunja lile, anaweka. Halafu ghafla unakuta umefungiwa kabatini."

"Basi toka kabatini."

"Sijui mlango uko wapi."

Alikuwa amejifunza kutomla yule askari wa sadaka. Badala yake alimweka askari wa mfalme hatua moja mbele, amshike mkono mwenzake wa katikati. Ukuta ulikuwa imara, ila ulimfungia mtu ndani. Kile kipande kinachokwenda kimshazari, ambacho watu wa kule hukiita kobe, kilibaki nyuma ya askari wake mwenyewe bila pa kupita. Mchezo baada ya mchezo kobe wa Tsiuri alilala pale pale alipozaliwa. Vipande vingine vilipigana na kufa, yeye bado amelala.

"Huyo kobe wako," Agrafina alimwambia siku moja, "amelipa kodi ya nyumba?"

"Nifundishe, mama. Anatokaje?"

"Nikikwambia utakuwa unajua jibu langu. Tafuta lako."

"Na nisipolipata?"

"Basi utakuwa mke mzuri wa Dzuku. Nayo ni kazi."

Tsiuri alikasirika kwa siku mbili. Kisha akaanza kuutafuta mlango. Pale kiwandani mikono ilichambua majani yenyewe, kichwa kikawa huru. Alizipanga hatua upya, akazirudia, akajaribu kumtoa kobe kwa huku, kwa kule. Na siku moja ya Machi, kikapu chake kikiwa nusu, akaona jambo dogo sana. Kosa lake la siku ya kwanza lilikuwa kumla yule askari mapema na kumng'ang'ania. Lakini je, kama angengoja? Angengoja mpaka kobe mweupe wa mama mkwe atoke na kusogea mraba mmoja, ndipo amle askari, ili kobe alazimike kusogea tena kumla mlaji? Hapo mama mkwe angekuwa ametembea mara mbili kufika mahali pa kufika mara moja. Hatua hiyo moja iliyopotea ingekuwa ya Tsiuri. Kwa hatua hiyo angeruka na farasi katikati, wabadilishane vipande viwili vitatu, nafasi ipatikane, halafu askari wa mfalme asukumwe mbele. Na akishasukumwa, mlango huo hapo.

"Tsiuri!" msimamizi alimpigia kelele. "Unachekelea majani?"

Jioni hiyo alifanya hivyo hivyo. Agrafina alipoona farasi ameruka katikati, aliuweka mkono shavuni, akautazama ubao kwa robo saa. Hatua kumi baadaye askari wa mfalme alisukumwa, na kobe wa Tsiuri akatoka nje, akasimama kwenye mshazari mrefu kama mtu aliyetoka hospitali akaota jua. Mchezo uliisha sare.

Agrafina alisimama, akaenda kabatini, akaleta chupa ya divai nyekundu na bilauri mbili. Dzuku alipolalamika kwamba wao ni watatu, aliambiwa aende akafungwe kwanza mara mia mbili, ndipo naye apewe.

Tangu siku hiyo Tsiuri hakuuona tena mchezo ule kuwa ni kukunja nguo. Alianza kuona kinachofanyika chini yake. Kila hatua ya mama mkwe iliuliza swali dogo, swali ambalo ungeweza kulijibu vibaya na usijue mpaka baada ya saa nzima. Alijikuta anamtazama yule mama hata akiwa jikoni, anavyopanga karanga na vitunguu saumu kabla ya kushika kisu, na moyoni akasema: huyu mtu hajafanya jambo kwa haraka tangu azaliwe.

*

Dzuku ndiye aliyemsimulia habari ya Tbilisi, mji mkuu wa jamhuri, walipokuwa wakichuma machungwa madogo nyuma ya nyumba.

"Kila mwaka mji unapeleka mwanamke mmoja kwenye mashindano ya jamhuri, unajua. Mama ameshinda nafasi hiyo mara tatu. Hajaenda hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Mara ya kwanza ni mimi. Mwaka thelathini na tisa. Treni inaondoka asubuhi, mimi nikaamua kuzaliwa alfajiri." Alicheka, lakini kidogo. "Ya pili ilikuwa kiangazi cha arobaini na moja. Vita vikaanza, mashindano yakafutwa. Ya tatu, baba alianguka kutoka juu ya paa wiki ile ile. Alizikwa Jumatano, na mama alikuwa acheze Alhamisi."

"Hajawahi kuniambia."

"Hajawahi kumwambia mtu. Mimi niliambiwa na majirani."

Novemba ya mwaka 1966 mashindano ya mji yalichezwa katika jumba la utamaduni, wanawake kumi na wawili, raundi kumi na moja. Agrafina aliingia kama alivyoingia kila mwaka, na safari hii Tsiuri naye akajiandikisha. Huyu alishinda kwa moto, yule kwa subira, na ilipofika raundi ya mwisho wawili hao walikuwa wamewaacha wenzao wote nyuma. Tsiuri alikuwa mbele kwa nusu pointi. Ratiba ilikuwa imepangwa tangu mwanzo: raundi ya kumi na moja, Agrafina Shonia mweupe, Tsiuri Jikia-Shonia mweusi. Sare ingemtosha Tsiuri kwenda Tbilisi. Mama mkwe ilimpasa ashinde.

Mji mzima ulijua. Kule sokoni wauza jibini walimwuliza Tsiuri kama kwao bado wanakula meza moja.

Asubuhi ya siku yenyewe Dzuku alimfuata mkewe uani, akajifanya anakagua tairi la baiskeli.

"Tsiuri, wewe una miaka ishirini na minne."

"Najua miaka yangu."

"Utaenda Tbilisi mara kumi. Yeye..."

"Sema unachotaka kusema, Dzuku."

"Sisemi kitu. Nasema tu una miaka ishirini na minne."

Jambo hilo hilo lilikuwa limemkalia Tsiuri kifuani tangu juzi, na asubuhi hiyo alikuwa ameshakata shauri. Angefanya kosa. Kosa dogo, la heshima, mahali ambapo hakuna atakayeliona. Alipoingia jikoni Agrafina alikuwa anakoroga gomi kwa mwiko mrefu, kamgeuzia mgongo.

"Dzuku amekwambia uniachie?"

"Hapana, mama."

"Hapana?"

"Hajasema hivyo."

"Lakini wewe umeshaamua." Agrafina aligeuka, mwiko mkononi. "Nimekusoma usoni kwenye ubao mwaka mzima na nusu, unafikiri jikoni sikuoni? Sikiliza, na sitarudia. Tbilisi niliikosa kwa sababu ya mtoto, na vita, na maiti. Hizo ni sababu za mtu mzima. Ukinipeleka kwa huruma, nitakaa kule mbele ya wale wanawake na sitaweza kunyanyua macho. Ukinipa mchezo leo, rudi Senaki na mashuka yako."

"Na nikikufunga?"

"Utafunga mizigo yako mbele yangu na mimi nitakukaangia kuku wa njiani. Lete sahani."

*

Ukumbi ulijaa. Mwamuzi, Bwana Severian, mwalimu wa jiografia, aliwataka watu wapunguze sauti, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jumba lile wakapunguza. Agrafina alivaa gauni jeusi la sherehe na miwani. Walipeana mikono kama watu wasiofahamiana. Saa ikaanza kutembea.

Askari wa malkia. Askari wa malkia. Askari wa jirani, sadaka. Askari wa mfalme hatua moja, kukataa sadaka. Farasi. Farasi. Tsiuri alizicheza bila kufikiri. Hapa alikuwa nyumbani. Alijua mahali pa kungoja, alijua lini amle yule askari na farasi aruke wapi. Alikuwa ameazimia kucheza kweli, na alijua kwamba akicheza kweli hatafungwa.

Katika hatua ya nne, Agrafina alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani hata mara moja. Yule askari wa sadaka, badala ya kungoja kuliwa, alikula yeye. Alimla askari wa katikati wa Tsiuri. Tsiuri akamla kwa askari wake wa mfalme. Na hapo hapo mlango wa kobe ukawa wazi. Bila jasho, bila ule ujanja wote wa Machi. Mama mkwe alikuwa amemfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Tsiuri alinyanyua macho. Agrafina alikuwa anaandika hatua yake kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri wa posta.

Amechoka, Tsiuri aliwaza, na moyo ukamuuma. Ameogopa jibu langu, akatupa swali lenyewe.

Basi aliwatoa watu wake kwa raha. Kila kipande kilipata mahali. Kisha akaanza kuwaelekeza wote upande wa kulia wa mama mkwe, alikojificha mfalme. Damu ya zamani ilimrudia. Alipeleka malkia kwenye ukingo wa ubao, akainyanyua ngome moja na kuileta kwa pembeni, ikasimama mkabala na mfalme. Nyuma ya ukumbi watu walianza kunong'ona.

Na Agrafina? Agrafina aliihamisha ngome yake kutoka mahali pazuri, akaiweka nyuma ya askari wa upande wa kushoto ambaye hajasogea hata hatua moja. Kisha akamsogeza askari wa pembeni kabisa. Kisha yule wa jirani yake. Wawili wakaanza kupanda polepole upande ambao Tsiuri alikuwa na askari watatu.

Mtu mmoja mstari wa mbele alimwambia mwenzake, na Tsiuri alisikia: "Mama wa posta anafanya nini kule? Wawili dhidi ya watatu?"

Tsiuri naye alijiuliza. Wawili hawawezi kuwashinda watatu. Watakufa tu. Akaendelea kumkaribia mfalme. Alipobakiza hatua moja apige pale pembeni, Agrafina alimrudisha farasi wake mmoja nyuma, mpaka mstari wa kwanza kabisa, karibu na mfalme. Farasi mzima, kurudi kama mtoto aliyesahau daftari. Tsiuri aliutazama ubao na akaanza kuhesabu. Akahesabu tena. Akainamisha kichwa juu ya ngumi zake. Farasi yule mmoja, pale nyuma, alikuwa ameziba kila tundu. Ngome, malkia, vyote vilikuwa vimesimama mlangoni vikigonga, na ndani hapana wa kufungua.

Ndipo askari wa mama mkwe wakafika. Wawili wakawagonga watatu. Huyu akamla yule, yule akaliwa. Vumbi lilipotulia wale wawili weupe hawakuwapo tena. Walikufa, kama alivyotarajia. Lakini walikwenda na weusi wawili, na Tsiuri akamtazama wa tatu, yule aliyesalia.

Alikuwa amebaki peke yake. Hakuwa na mwenzake ubavuni wa kumlinda. Mbele yake mstari mzima ulikuwa wazi, na kwenye mstari huo tayari zilikuwa zimepangwa ngome mbili nyeupe na malkia nyuma yake. Tsiuri akaelewa kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayewashiwa taa. Wale wawili hawakutumwa kushinda. Walitumwa kuwafanya watatu wawe mmoja. Na safari yao haikuanza walipoanza kutembea. Ilianza hatua ya nne, pale alipodhani mama mkwe amechoka. Alimfungulia kobe mlango, naam. Bei yake ilikuwa hii hapa.

Jambo la ajabu ni kwamba Tsiuri hakuona uchungu. Alikuwa na saa nzima ya mateso mbele yake na alijua, lakini kifuani alihisi kitu kama kile anachohisi mtu akisikia sauti nzuri ikiimba chumba cha pili. Nikiishi miaka mia, aliwaza, sitacheza kitu kizuri kuliko hiki alichonifanyia.

Alipigana hata hivyo. Aliita malkia wake nyumbani, akaleta ngome kumlinda yule yatima, akabadilishana na mama mkwe vipande vyote alivyoweza. Hatua ya thelathini na tatu yatima alianguka. Hatua ya thelathini na tisa, mwenzake wa katikati aliyekuwa akimtegemea naye akaanguka. Tsiuri alimlaza mfalme wake ubavu, akasimama, akanyoosha mkono.

"Hongera, mama."

"Ulipigana," Agrafina alisema.

Watu walipiga makofi na kupiga miguu sakafuni. Dzuku alikuwa analia waziwazi katikati ya ukumbi, hajui analilia mke au mama. Lakini wale wawili hawakuwa wakisikiliza. Tsiuri alikuwa ameshaketi tena na kuvirudisha vipande mwanzo.

"Hapa, ulipokula hatua ya nne. Ulikuwa umeyaona yote haya?"

"Yote hapana. Niliona kwamba utafurahi."

"Kwa nini nyumbani hukuwahi kunionyesha?"

"Kwa sababu nilijua siku moja tutakutana hapa." Agrafina alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa kitambaa cha meza. "Na nilitaka kushinda. Ulidhani mimi malaika?"

Tsiuri alicheka mpaka akashika tumbo. "Na mimi nilikuhurumia! Hatua ya nne nilikuhurumia!"

"Niliona. Ndiyo maana nikaanza kupumua. Sasa tazama hapa: farasi wako huyu ungemtuma huku, kwenye mraba huu mbele ya ngome zangu, nisingepita. Usingekwenda kumtafuta mfalme wangu, ungekaa nyumbani kwako ukalinda. Ungepata sare. Tbilisi ungekwenda wewe."

"Mraba huu?"

"Huo huo. Niliomba usiuone, saa nzima."

Walikaa pale hadi Bwana Severian alipokuja na funguo kuwaomba, kwa heshima zote, wamwachie ukumbi.

*

Agrafina alikwenda Tbilisi mwezi wa Januari, na kuku wa njiani, na chupa ya pilipili ya kusaga, na gauni lake jeusi. Tsiuri ndiye aliyemfungia mizigo. Wenzake wa posta walikuwa wamekubaliana bila kumwuliza mkuu wao: kila jioni saa kumi na mbili laini ya Tbilisi ingewekwa wazi kwa dakika chache, na Tsiuri akae kwenye kiti cha mama mkwe wake, avae vile vya masikioni, asikilize.

Raundi ya kwanza Agrafina alifungwa. Ya pili akafungwa. "Hawa watoto wanajua kila kitu," ilisema sauti kutoka mbali. "Wanasoma vitabu kwa Kijerumani." Ya tatu akapata sare. Ya tano akashinda, kwa askari wa malkia, dhidi ya msichana wa Batumi aliyekuwa ametabiriwa nafasi ya pili, na mabinti wote wa zamu pale posta wakapiga kelele hata mteja mmoja wa Poti akakatiwa simu. Mwisho wa mashindano alikuwa wa nane kati ya kumi na wanne.

"Wa nane, mama! Wa nane jamhuri nzima!"

"Ningekuwa wa sita. Raundi ya kumi nilimgusa farasi nikitaka kobe. Uzee. Dzuku anakula?"

"Anakula."

"Na wewe? Jumapili kiwanda chenu kilikuwa na mechi na watu wa Poti. Ulicheza?"

"Nilicheza, mama. Ubao wa pili, mweupe."

"Ulianzaje? Ulimrusha yule askari wako wa mfalme?"

Tsiuri aliushika ule waya, akauzungusha kidoleni.

"Askari wa malkia," alisema. "Kisha wa jirani. Hatua ya nne nikala."

Laini ilikuwa na sauti ya upepo tu. Mpaka Lamara, aliyekuwa kiti cha pili, akaingilia kati: "Mama Agrafina, upo? Nisikate?"

"Ukikata nakuja kukukata wewe. Nipo." Alikohoa. "Ulishinda?"

"Nilishinda. Hatua arobaini na sita."

"Arobaini na sita ni nyingi. Kuna mahali ulizubaa. Nipe zote, moja moja, pole pole, natafuta kalamu."

Tsiuri akakunjua karatasi yake, akaanza kusoma. Alifika hatua ya kumi na sita kabla hajakatizwa.

"Ngoja, ngoja. Hapo ngome uliipeleka wapi?"

"Nyuma ya askari wa kushoto."

"Mapema mno! Kwanza farasi atulie, ndipo ngome. Dakika zimebaki ngapi, Lamara?"

"Zimekwisha, mama."

"Basi nyongeza. Endelea, mwanangu. Kumi na saba."